Mwili unaokataa ndani ya ndoa: wa Mtwara na Lindi, tupeane uzoefu

Chikongola: Mke anaganda kama gogo akiguswa shingo gizani. Mume anadai hapendwi. Wauguzi na maofisa ustawi wa jamii, semeni.

Nesi wa Nachingwea: Si suala la kupendwa. Hatari ikija mwili hupigana, hukimbia au huganda. Mtoto aliyeshikwa kingono na mtu mzima njia mbili za kwanza haziwezi, anaganda, na mwili unalishika hilo somo. Miaka 20 baadaye giza, harufu ya pombe au uzito kifuani vinatosha kuliamsha. Moyo unakwenda mbio, viganja baridi, akili inatoka chumbani mwili ukabaki kitandani. Misuli ya uke huweza kujibana bila yeye kutaka. Ukilazimisha anaumia, na safari ijayo inabana mapema zaidi.

Newala Juu: Kweli tupu. Wanaume nao mnawasahau.

Nesi wa Nachingwea: Hatujawasahau. Utafiti wa kitaifa wa 2009 ulikuta mvulana 1 kati ya 7 alifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18. Wasichana karibu 3 kati ya 10.

Somo Mikindani: Wajukuu, huyo hakuchezwa vizuri unyagoni. Arudishwe ndani siku 7, atoke amefundwa.

Ustawi Lindi: Bibi, shikamoo, lakini hapana. Mafunzo ya kumridhisha mume hayamtoi mtu kwenye woga. Yanamfundisha kuuficha.

Somo Mikindani: Marahaba. Nanyi makaratasi yenu yametoa wangapi?

Kilwa Masoko: Acheni ubishi. Kuna nyumba huku mume karudi mnadani usiku wa manane, kaingia kimya asimwamshe mkewe, kamshika bega. Kala mchi wa kichwa! Mke kazinduka analia, hajui kampiga nani.

Newala Juu: Mchi ulikuwa chumbani unatafuta nini?

Ustawi Lindi: Turudi kwenye swali. Taa iwake. Wakubaliane neno moja la kusimamisha, na likitamkwa hakuna kununa. Wiki za mwanzo tendo lipigwe marufuku kabisa: dakika 15 za kugusana mikono na mgongo, nguo mwilini, kwa zamu, na anayeguswa ndiye anayeongoza. Akiganda, ondoa uzito wako, mwite jina, mwambie yuko wapi. Ataje vitu 5 anavyoviona, 4 anavyovigusa, 3 anavyovisikia. Avute pumzi kwa hesabu ya 4, aitoe kwa 6. Usimkumbatie kabla ya kumuuliza. Na "ni nani alikufanyia?" usiiulize usiku huo.

Chikongola: Na anayepiga simu mara 20 mume akichelewa?

Nesi wa Nachingwea: Huenda ni aliyeachwa achwa utotoni. Taja saa ya kurudi, uitimize.

Newala Juu: Ukitaja saa umejifunga kamba. Sema "nakuja" tu.

Ustawi Lindi: Hiyo "nakuja" ndiyo aliyoambiwa akiwa na miaka 6. Ikizidi, waonane na ofisa ustawi wa halmashauri. Kama ni mtoto anayeumizwa sasa hivi, pigeni 116, ni bure.

Somo Mikindani: Wa mchi alishonwa nyuzi ngapi?

Kilwa Masoko: 4. Siku hizi anapiga hodi tangu barazani.