Kufuta vumbi si kukarabati! Wauza vifaa "vilivyokarabatiwa" mnatuumiza

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Wiki 5 zilizopita nilinunua laptopu ambayo tangazo lake lilisema "imekarabatiwa, daraja A". Leo iko hapa mezani, ukichomoa waya wa chaji inazima papo hapo, na muuzaji kila nikimpigia ananijibu lile lile: "Bosi, si ulijua ni ya zamani?"

Nilijua, ndiyo. Ambacho sikujua ni kwamba hakuna fundi aliyeigusa, na ugomvi wangu uko hapo. Mtumba ni mtumba: unalipa bei ya mtumba, ukiharibika unanyamaza. Kitu kilichokarabatiwa kinauzwa ghali zaidi kwa sababu moja tu, kwamba kuna mtu amekifungua, amekipima, ametoa kilichochoka na kuweka kizima. Ukichukua ile nyongeza na kazi hujaifanya, umeniibia. Sina jina jingine la kukuita.

Juzi ndipo nilipofanya nilichopaswa kufanya siku ile ile dukani. Kwenye Windows unafungua lile dirisha jeusi la amri, unaandika powercfg /batteryreport, inakutengenezea ripoti ya betri. Angalia namba mbili: uwezo ambao betri ilitoka nao kiwandani, na uwezo wa sasa ikijaa. Yangu ilitoka na mWh 57,000 (mWh ni kipimo cha umeme ambao betri inabeba). Iliyobaki ni 24,000, yaani asilimia 42. Kisha nikapakua programu ya bure inayosoma afya ya diski, nikakuta imeshawaka saa 14,000. Pigeni hesabu: mtu wa ofisini anayeiwasha saa 8 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, hiyo ni miaka 7. Betri ni ile ile, diski ni ile ile. Sasa nini kilikarabatiwa? Kava limepigwa polishi na stika za kampuni ya zamani zimebanduliwa. Basi.

Na hiyo "daraja A" isiwadanganye kama ilivyonidanganya mimi. Hakuna kipimo kimoja ambacho wauzaji wote wanakifuata. Kila duka linajipangia herufi zake, na mara nyingi herufi inazungumzia mikwaruzo tu. Laptopu inaweza kung'aa kama mpya huku feni imejaa vumbi na betri inakaribia kuvimba.

Kosa langu jingine, nalo naliandika ili mwingine asilirudie: niliambiwa "ni i5", yaani aina ya prosesa ya Intel, ile chipu inayoendesha kompyuta, nikaridhika. i5 zipo tangu 2009! Cha kutazama ni namba inayofuata. Yangu ni i5-7200U, na ile 7 ya mwanzo maana yake ni kizazi cha 7. Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka, kwa kawaida, kizazi cha 8 kwenda juu, na Windows 10 iliyomo Microsoft walisitisha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Muuzaji analijua hilo, ndiyo kazi yake. Alinyamaza.

Simu nazo ni hadithi hiyo hiyo, tena mbaya zaidi kwa sababu simu imegundishwa kwa gundi. Mtu akishaifungua kubadili kioo, ule uzuiaji maji ulioandikwa kwenye boksi msiuhesabu tena, labda aliyeifunga awe ameweka gundi mpya na kuipima. Apple wenyewe, iPhone wanazozikarabati wanaziwekea betri mpya na kava jipya na kuzipa dhamana ya mwaka mmoja. Kwa hiyo inawezekana! Duka likikupa dhamana ya siku 7, limeshakuambia lenyewe linaiamini kazi yake kwa siku ngapi.

Na jamani, msilipie simu kabla haijafutwa na kuwashwa upya mbele yenu, mkaingiza akaunti yenu wenyewe mpaka ikafika ukurasa wa mwanzo. Ikidai nywila ya mtu mwingine, irudishe hapo hapo. Bonyeza *#06#, zile tarakimu 15 za IMEI, namba ya utambulisho wa simu, zilingane na za kwenye boksi na kwenye risiti. Simu iliyofungwa na mwenyewe hakuna fundi wa haki atakayekufungulia, na huenda kuna mtu mahali anailia.

Friji ndilo lililonichosha kabisa. Dada yangu alinunua moja "imefanyiwa sevisi, imejazwa gesi". Maneno hayo aliyapokea kama sifa, kumbe ndiyo yangemkimbiza. Gesi ya friji haiishi kama mafuta ya gari. Inazunguka kwenye mabomba yaliyofungwa, na friji zima linaweza kumaliza umri wake bila kuongezewa hata gramu. Ikipungua, kuna mahali panavuja. Ukijaza bila kuziba tundu umenunua wiki chache za baridi, na ndivyo ilivyokuwa: likapoa, likaacha, fundi akajaza, likaacha tena. Nilipomuuliza huyo fundi alijaza gesi gani, hakuwa na hakika. Nyuma ya friji kuna kibandiko kinachotaja aina ya gesi na uzito wake! R600a inashika moto, R134a haishiki, na hazichanganywi. Mtu asiyesoma kibandiko hicho asiguse friji la mtu.

Mnaniuliza, basi tusinunue? Mimi bado ningenunua laptopu za ofisini, zile nzito zinazofunguka kwa skrubu, maana betri, diski na mara nyingi hata memori vinabadilishika. Simu, kama tu betri ni mpya na mtengenezaji bado anaipa masasisho ya usalama. Friji, baada ya kuliacha likiwaka saa kadhaa nikiwa pale pale, nisikie kompresa ikikata yenyewe na kuwaka tena. Maikrowevu siinunui kwa mtu yeyote; mlango uliolegea na ule umeme mkubwa uliomo ndani si vitu vya kubahatisha.

Ila kote huko swali langu litakuwa hili: mmebadilisha nini? Niandikieni kwenye risiti. Betri mpya, tarehe fulani. Feni imesafishwa. Diski ni mpya. Akishindwa kuandika mstari mmoja, basi anauza mtumba, na tuongee bei ya mtumba.

Kesho narudi pale na ripoti ya betri niliyoichapisha, risiti, na picha ya lile tangazo niliyoihifadhi kabla hawajalifuta. Nataka betri mpya au hela yangu. Kama kuna mtu humu aliwahi kurudishiwa kwa kosa kama hili, naomba aniandikie alianzia wapi na aliwaambia nini.