Naomba ushauri: wakwe zangu wa China wamenyimwa viza ya Marekani

Habari zenu wakuu. Mimi Mtanzania, naishi Houston, mke wangu ni Mchina na atajifungua miezi mitatu ijayo. Wazazi wake walioko Guangzhou wanataka kuja kumpokea mjukuu. Kwao mama aliyejifungua hutulia ndani mwezi mzima akihudumiwa, kama arobaini yetu tu. Waliomba viza ya B-2 (ya matembezi), wakajaza fomu ya maombi ya DS-160, wakalipa dola 185 kila mmoja. Mahojiano dakika mbili, wakanyimwa kwa kifungu cha 214(b) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani: eti hawajaonyesha kwamba watarudi. Wana nyumba na pensheni, lakini ofisa hakugusa karatasi hata moja! Waombe tena sasa hivi, au mama mkwe aombe peke yake kwanza? Na barua yangu ya mwaliko inasaidia chochote?