Mrejesho: Shafti ya stenlesi iliyokuwa inamaliza visu

Wakuu, naleta mrejesho. Niliuliza kwa nini visu vyangu vya kukerezea vinaungua ncha na kuwa bluu kila nikikereza shafti ya pampu ya stenlesi 304 (aina ya chuma kisichoshika kutu), kipenyo milimita 50, wakati chuma cha kawaida havinisumbui.

Mlioniambia nipunguze mwendo mlikuwa sahihi. Nilikuwa kwenye mizunguko 400 kwa dakika, yaani uso wa shafti unapita kwenye kisu karibu mita 63 kwa dakika, kwa kisu cha haispidi (HSS, chuma kigumu cha kutengenezea visu)! Stenlesi hii hupitisha joto kwa takriban theluthi moja tu ya chuma cha kawaida, kwa hiyo joto linabaki kwenye ncha ya kisu, na haispidi ikifika kama nyuzi 600 inalegea. Nimeshuka hadi mizunguko 120.

Lakini kilichonifungua macho hasa ni ushauri wenu kuhusu kina cha kukata. Kwa kuogopa kuharibu kisu nilikuwa nakula kidogo mno, sehemu ya kumi ya milimita, na kisu kikawa kinasugua badala ya kukata. 304 ikisuguliwa inakuwa ngumu juu, na mzunguko unaofuata kisu kinakutana na gamba gumu zaidi. Sasa nakula milimita 1, kisu kikisogea milimita 0.15 kwa kila mzunguko, bila kusita katikati, maji ya kupoozea yakimwagika mfululizo.

Shafti imeisha kwa kisu kimoja, nimekinoa mara moja tu. Asanteni sana. Kisu cha kabaidi (kigumu kuliko haispidi na kinachovumilia joto zaidi) nitajaribu kwenye shafti ya pili.