Eti nyanya yangu ni "hadithi za nyumbani"? Nimechoka na hii Historia tunayofundishwa

Wadau, nimetoka kuchukua insha yangu sasa hivi na bado mikono inanitetemeka. Niko mwaka wa pili, nasomea ualimu, chuo kimoja hapa Kisumu. Sitakitaja.

Tangu kidato cha kwanza Historia nimeimeza kwa pointi. Taja sababu tano za hiki, eleza athari sita za kile. Mwalimu anasoma, tunanakili, siku ya mtihani tunamwaga. Nilipata A kwa njia hiyo. Hakuna hata siku moja nilipoulizwa hizo sababu zilitoka wapi, wala kwa nini ni tano na si nane.

Halafu chuoni napewa swali: dhahabu ya Kakamega ya miaka ya 1930 iliwafanya nini wenye mashamba? Wiki tatu. Namna ya kutafuta, hakuna aliyetufundisha. Nikamwaga pointi. Insha ikarudi na neno moja kwa wino mwekundu kando ya aya: "Umejuaje?" Mara 11, nilihesabu. Alama 9 kwa 30.

Swali lenyewe ni la haki, nakubali. Lakini miaka yote hiyo mlinifundisha nisiliulize, leo mnaniadhibu kwa kutolijibu?

Nikajifundisha mwenyewe. Nikapanda matatu hadi kwa nyanya, karibu na Rosterman kule Kakamega, kwenye mgodi wa dhahabu uliofungwa 1952. Akanipeleka nyuma ya boma, penye shimo lililozibwa kwa mawe na matawi ya mpera ili ng'ombe wasitumbukie. Akasema baba mkwe wake alirudia maneno yale yale hadi anazikwa: "Walituambia ni yetu milele." Wazungu wakachimba, wakamlipa pesa za migomba, ardhi ikaenda.

Nikashinda maktaba siku nne nikilisaka hilo "milele". Nikalipata! Sheria ya ardhi ya 1930 ilitenga maeneo ya Waafrika kwa faida yao milele, na kipande kikichukuliwa, kingine cha ukubwa huo huo kiongezwe. Mwaka 1931 dhahabu ikaonekana. Desemba 1932 serikali ya kikoloni ikaibadilisha sheria hiyo: kwa uchimbaji, fidia ya pesa inatosha, kuongezewa ardhi basi. Machozi yalinitoka pale mezani. Yule mzee hakujua kusoma, lakini neno la sheria alikuwa nalo kama lilivyoandikwa.

Nikaandika upya. Nikaeleza nyanya alisikia kwa nani, lini, na wapi alikosea (alidhani dhahabu ilipatikana kabla ya vita vya kwanza vya dunia). Leo imerudi. Aya yake yote imepigwa mstari: "Hadithi za nyumbani si ushahidi."

Jamani! Marehemu Profesa Bethwell Ogot aliandika historia ya Wajaluo kwa kukaa na wazee na kuwasikiliza, na idara hiyo hiyo inatusomesha kazi yake. Wazee wake ni ushahidi, nyanya yangu ni porojo? Kama nilimhoji vibaya, niambie nilikosea wapi. Nitarudi nimuulize tena. Lakini kumfuta tu, mwanamke aliyelea wanawe kando ya lile shimo, hapana.

Nina hadi Ijumaa kukata rufaa. Mliowahi kutumia ushahidi wa mdomo ukakubaliwa, mliuandikaje?