Nilionja pombe ya muratina kwenye ruracio (sherehe ya mahari), kichwa hakitulii. Nifanyeje?

KijanaWaKasarani: Wazee, nisaidieni. Jana Jumamosi tulimsindikiza binamu ruracio kule Limuru, nikaonja muratina kwa mara ya kwanza. Utamu wake una uchachu na inashuka upesi, sikuhesabu vikombe. Sasa ni jioni, kichwa kinapasuka, nimetapika. Kesho alfajiri naingia zamu. Hangova hii inatolewa na nini?

SupuBurma: Supu ya kichwa cha mbuzi, ndimu, pilipili. Nakuwekea bakuli?

MwanaWaMwingi: Kwetu Ukambani muratina tunaiita kaluvu. Baba alikuwa na mizinga. Asali, maji, na tunda la mwegea lililopasuliwa na kukaushwa juani. Hilo ndilo hushika hamira, likatumika tena na tena. Kibuyu hukaa karibu na moto. Siku hizi wanatia sukari tupu, inaniuma sana.

Muumini254: Zamani ilikuwa ya wazee. Kijana ulienda kutafuta nini kwenye kibuyu?

NesiWaUsiku: Pole, ndugu. Ulikunywa nini kingine? Na unaona sawasawa?

KijanaWaKasarani: Hayo yote ya nini, sista? Haya. Usiku tukirudi tulipitia mahali, mimi na binamu, tukauziwa muratina nyingine kwenye chupa ya soda. Macho yana ukungu tangu mchana, ila hilo ni usingizi tu. Nimeshameza paracetamol, nimeshaamua kulala. Hospitali wataanza na pesa.

HaiingiiAkilini: Umetunga. Hiyo ya usiku ilikuwa na rangi gani?

KijanaWaKasarani: Haikuwa na rangi, kama maji. Iliwasha koo.

HaiingiiAkilini: Mnaona? Muratina ni ya kahawia, ina machicha. Huyu hajawahi kuionja.

MwanaWaMwingi: Kweli. Asali haitoi kitu kama hicho.

NesiWaUsiku: Basi ya usiku haikuwa muratina. Kijana, usilale. Huenda ilitiwa methanoli, aina ya pombe ya viwandani isiyonywewa. Hiyo hukaa hata saa 12 hadi 24 kabla ya kuonyesha makali yake, mwili ukiigeuza sumu inayoua mshipa wa macho. Mwaka 2000, pombe haramu ya kumi kumi iliua watu zaidi ya 100 hapa Nairobi, wengine wakapofuka. Dawa ya kuizuia ipo, na mashine ya kusafisha damu ipo, ila saa ndizo zinazoamua. Usizimue na pombe, usiendeshe gari. Nenda hospitali ya Kenyatta, upande wa dharura, na hiyo chupa uibebe. Mpigie binamu sasa hivi.

SupuBurma: Supu ingoje. Nenda, mwanangu.

KijanaWaKasarani: Nimempigia. Anasema taa za nyumba anaziona zina moshi. Jirani anatoa gari, tunampitia Roysambu.

HaiingiiAkilini: Mimi bado sijaamini. Lakini nenda.