Binti akivunja ungo, michezo ndiyo basi?

Mama wa Langoni (mwenye mada)
Assalaam aleikum wanabaraza. Binti yangu, miaka 12, hadi mwaka jana alikuwa akichupa baharini pale gatini pamoja na kakake, arudi nyumbani chumvi imemkauka mashavuni. Akavunja ungo, basi. Hakuna aliyemkataza kwa maneno. Bibi yake alimtazama tu. Siku hizi akitoka shule ni chuoni kusoma Kurani, akitoka chuoni ni chumbani na simu. Usiku halali, asubuhi haamki, na ananuna bila sababu. Kakake yuko mpirani mpaka adhana ya maghribi, na huyo hanuni.

Shirika la Afya Duniani lasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 za kuchangamsha mwili kila siku. Takwimu za 2016 kutoka nchi 146 zaonyesha kwamba kwa wanafunzi wa miaka 11 hadi 17, wavulana 78 katika kila 100 hawafikii hapo, na wasichana 85. Kwa hiyo hatuko peke yetu. Lakini naona kwetu Lamu pengo hili tumelichimba kwa mikono yetu. Nasema shule za junia, yaani sekondari ya chini, ziweke saa ya wasichana pekee, ndani ya ua, na mwalimu wa kike. Mwaonaje?

Mwalimu wa junia
Nakuunga mkono nusu, mama. Kipindi cha michezo kipo kwenye ratiba. Mtihani ukikaribia, ndicho cha kwanza kuliwa na hesabu, na nakiri hata mimi nimewahi kukila. Ila tujiulize: mtoto ananuna kwa kuwa hachezi, au hachezi kwa kuwa ananuna? Mwenye raha ndiye hukimbia. Ukiwauliza watoto siku moja wanacheza kiasi gani na wanajisikiaje, hujui kipi kilianza.

Mshela
Sisi tulitembea kutoka kijiji cha Shela hadi mjini Lamu, karibu dakika 40, na kurudi. Mwendo nao si zoezi? Mnyang'anye simu, utaona.

Mama wa Langoni
Wewe wa Shela, sawa. Kwangu hadi chuoni ni vichochoro viwili.

Mzee wa Mkomani
Mabinti wa zamani walichota maji, wakatwanga, wakalala fofofo. Leo mwataka saa yao, kesho mtasikia wanapelekwa mashindano Mombasa na kaptura. Mambo haya huanza hivyo hivyo.

Mama wa Langoni
Shikamoo mzee wangu. Kinu kiliondoka mashine ilipoingia, na bomba likamaliza safari za kisimani. Jasho la mabinti halikuondolewa na dini, na hatukuweka kitu mahali pake. Nawe wajua kuliko mimi: Bi Aisha alishindana mbio na Mtume (S.A.W.), akamshinda, na siku nyingine akashindwa. Kaptura sijaitaja.

Mzee wa Mkomani
Marahaba. Walikimbia wawili, na watu walikuwa wametangulizwa mbele. Ua uwe na ukuta, basi.

Muuguzi wa kliniki
Mwalimu, swali lako ni la haki, ndiyo maana kuna majaribio ambapo watoto hugawanywa kwa kura: hawa wafanye mazoezi, wale waendelee kama kawaida. Huzuni hupungua kiasi kwa wanaofanya mazoezi. Kiasi tu, wala msitarajie miujiza. Mifupa nayo haina ubishi: miaka miwili hivi ya kukua haraka ndiyo huweka karibu robo ya madini ya mifupa ya mtu mzima, na kuruka kamba kunasaidia.

Hedhi yenyewe haimzuii msichana kucheza. Ninaowaona mimi huzuiwa na kukosa sodo, na choo cha shule kisicho na komeo. Kabla ya kutafuta ua, tazameni mlango huo. Na mtoto akikaa wiki mbili mfululizo hana hamu ya kitu, mleteni kliniki, msimpe kamba ya kuruka tu.

Mwalimu wa junia
La komeo hilo limenigusa. Kwetu la wavulana lipo, la wasichana ni kamba ya katani. Jumatatu naenda na bisibisi.

Mama wa Langoni
Nami Jumamosi baada ya chuo nafungua ua wangu, wasichana watupu, wacheze kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, na kuruka kamba. Mwenye kamba ndefu aje nayo. Yangu imekatika.