Naombeni ushauri: densi ya seti huku Ireland inanitoa jasho

BintiVoi
Wakuu, habari za wikendi. Nimeolewa huku Clare, magharibi mwa Ireland. Ukweni kila sherehe lazima ipangwe seti: jozi nne zinasimama mraba zikitazamana, kodiani na fidla zinaanza, basi hakuna kupumua. Wanaipenda zaidi ile iitwayo Caledonian. Mume wangu kaicheza tangu utotoni. Nikipotea ananiburuta hadi mahali pangu, tukirudi nyumbani tumenuniana. Harusi ya shemeji inakaribia na hatua za miguu zinanichanganya. Nianzie wapi?

Mzee wa Kona
Binti, miguu iache kwanza. Jua umesimama wapi. Jozi inayoipa bendi mgongo na ile inayoitazama ndizo hutangulia mara nyingi. Wewe kimbilia jozi za ubavuni: unawaona wenzako wakimaliza, kisha ndiyo zamu yako. Na mwanamke hukaa kuliani kwa mwenzake. Ukichanganyikiwa, rudi hapo usubiri.

KodianiFC
Kumbe ni mwomboko, ile densi ya kodiani ya Wakikuyu, ila ya wazungu! Nyanya yangu angekufunza jioni moja 😂

Mzee wa Kona
Kodiani ni ile ile, kijana, lakini mwomboko hauna watu wanane wa kupishana nao.

SoliYaNgozi
Dada, mimi niliijulia Cork, kusini mwa Ireland. Kinachowashinda wengi ni kule kuzungushana wawili wawili. Miguu yenu ya kulia ikae ubavu kwa ubavu katikati, haiondoki hapo. Wa kushoto ndio unasukuma, kama mtoto juu ya skuta. Jiegemeze nyuma kidogo tu, usimning'inie mwenzio. Macho usoni kwake. Ukitazama ukuta utaona kizunguzungu. Na raba acha nyumbani! Soli ya mpira inang'ang'ania sakafu, mwili unageuka, goti linabaki. Vaa soli ya ngozi.

SomaKidogo
Wala usitishwe na wanaodai ni ngoma ya mababu wa kale. Mizizi yake ni quadrille, densi ya mraba ya Ufaransa, ikaingia Ireland karne ya 19. Gaelic League, chama cha kutetea lugha na utamaduni wa Ireland, waliikataa kwa kuwa ni ya kigeni. Wanakijiji hawakusikia la mtu, wakaichezea muziki wao. Tena uko Clare yenyewe: Julai nenda Miltown Malbay, wiki ya Willie Clancy, mafunzo ya muziki na densi za jadi yaliyoanza 1973. Wana madarasa ya seti.

BintiVoi
Asanteni sana. Julai harusi itakuwa imeshapita. Nijifunze na mume hivyo hivyo?

SoliYaNgozi
Thubutu! Tafuta mzee jirani aliyeizoea. Wale hawana haraka, wanakuelekeza kwa kiganja tu. Huko kubadilishana wachezaji ni jambo la kawaida, hakuna atakayekutazama vibaya.

BintiVoi
Yupo mmoja, ana miaka sabini na ushee, anateleza kama hana mifupa. Mume akiuliza?

Mzee wa Kona
Naye acheze na mke wa huyo mzee, mraba huo huo. Tuone kama atamburuta.